Shauri la Mtoto wa Mwanachama ni Shauri la Chama



Naomba nafasi katika gazeti letu hili nijibu neno lililosemwa katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita. Mwanachama mmoja, ambaye namheshimu kwa kuwa alitutangulia kazini, alisimama akasema kwamba ada tunayokatwa kila mwezi ni ya kupigania mshahara, nyumba na saa za kazi, na kwamba habari ya mtoto kukataliwa shuleni ni ya baba yake na Mungu wake. Watu kadha wakapiga makofi. Mwenyekiti akaona saa imekwenda, akafunga mkutano. Mimi sikupiga makofi, na sababu zangu nataka zisomwe na kila mtu, maana mkutanoni mwenye sauti kubwa ndiye asikiwaye.

Nitaeleza kwanza shauri lenyewe kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Mwenzetu wa gengi ana binti wa miaka saba. Alizaliwa kwa taabu, na tangu hapo ana hali ambayo waganga wa hospitali huiita mtindio wa ubongo. Miguu yake imekakamaa. Akishika ukuta aweza kwenda hatua chache, na mwendo mrefu hana budi kusukumwa katika kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia ni mzito. Maneno yake hutoka polepole, na mtu asiye na subira hudhani mtoto hana la kusema. Jina la hali hiyo nalo huwadanganya watu. Wakisikia neno ubongo hufikiri akili haimo, kumbe kwa mtoto huyu kilichopata shida ni amri ile inayotoka kichwani kwenda miguuni na mkononi. Sisi tunaokaa katika nyumba zilizo kando ya njia twamjua. Gari la mizigo likipita, yeye hukaa barazani akahesabu mabehewa, na baba yake akirudi jioni humwambia yalikuwa mangapi, na katika hayo ya mafuta mangapi. Siku moja niliyahesabu mimi mwenyewe nione kama atakosa. Hakukosa.

Mwezi wa Januari baba yake alimpeleka shule ya msingi iliyo karibu nasi, mwendo wa dakika kumi hivi. Akarudishwa. Aliambiwa kwamba chumba cha Gredi ya Kwanza kina ngazi mbili mlangoni, na choo ni cha shimo chenye mlango mwembamba, tena mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi. Akaambiwa, "Baba, huyu mtafutie shule yao." Muhula wa pili akarudi tena. Safari hii jibu lilikuwa kwamba mtoto aweza kuja, ila mama yake aje akae naye darasani kutwa. Mama huyu anauza mboga sokoni, na mboga hizo ndizo zinazonunua sukari na maziwa katika nyumba ile, maana mshahara wa baba mwaujua. Basi mtoto hakwenda. Mwaka unakwisha naye yuko barazani.

Sasa nawauliza wale waliopiga makofi. Mwenzetu akivunjika mguu uwanjani wakati wa kuunganisha mabehewa, hata ukakatwa, chama hufanya nini? Katibu huenda ofisini. Hudai fidia chini ya sheria ya mwaka 2007 ya watu walioumia kazini, na fidia ikiisha kulipwa hudai kazi. Husema mtu huyu apewe kazi ya kukaa, awekwe ghalani aandike vitu vinavyoingia na kutoka, au apokee simu, au akae langoni. Hatujapata kumwambia mkubwa yeyote awatafutie watu wa mguu mmoja reli yao. Twasema fundi ni yule yule na akili yake ni ile ile, kibadilishwe kiti chake na mahali pake pa kufanyia kazi. Jambo hili twalijua na twalifanya. Ndilo lile lile ambalo mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu huliita matengenezo yanayofaa, na Kenya iliuthibitisha mkataba huo mwaka 2008. Baba wa mtoto huyu anaomba kwa shule kile ambacho chama kimekiomba kwa kampuni mara nyingi. Tofauti ni kwamba yeye amekwenda peke yake, kofia mkononi.

Na kwenda kofia mkononi si lazima, kwa sababu sheria iko upande wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na apate kuingia katika mahali pa elimu na vifaa vilivyounganishwa na jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule kumbagua mtoto anayetaka kuingia, na ulemavu umetajwa humo pamoja na kabila na dini. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikuwa imekataza kumnyima mtu nafasi ya masomo kwa ulemavu peke yake ikiwa aweza kujifunza. Mahali pa sheria hiyo sasa pamechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Basi mwalimu mkuu anaposema "mtafutie shule yao", hasemi amri ya Serikali. Asema maoni yake mwenyewe, na maoni huweza kujibiwa.

Nawakumbusha pia jambo lililotokea Eldoret mwaka 2004. Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alikwenda shule ya msingi akataka kusoma darasa la kwanza, kwa kuwa Serikali ilikuwa imesema mwaka uliotangulia kwamba elimu ya msingi ni bure kwa wote. Watu walicheka. Lakini alipewa nafasi, akakaa kwenye dawati na watoto wa kuwa wajukuu wa watoto wake, na dunia nzima ikamtazama. Kama nafasi ilipatikana kwa mzee wa miaka 84, sioni kwa nini isipatikane kwa mtoto wa miaka saba ambaye huo ndio umri wake hasa wa kusoma.

Najua nitajibiwa kwamba shule za watoto wenye ulemavu ziko, tena ni nzuri. Ni kweli, na sitaki mtu aseme nazidharau. Joytown ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1962, imewafundisha watoto wengi ambao hapana mtu mwingine aliyewataka, na Port Reitz huko Mombasa na Joyland ya Kisumu vile vile. Yuko mtoto ambaye hali yake ni nzito, ahitaji mazoezi ya viungo kila siku na watu wa kumwinua na kumlisha. Kwake huyo shule ya namna hiyo yaweza kuwa ndiyo rehema. Lakini binti wa mwenzetu hakupimwa na mtu yeyote kabla ya kuambiwa aende huko. Alitazamwa mlangoni, basi. Na shule za bweni ziko mbali. Mtoto wa miaka saba aondoke kwa mama yake, aje nyumbani likizo tu, aote meno na kuyapoteza mbele ya watu baki, kwa sababu ya ngazi mbili? Wengine wetu tulikwenda bweni la misheni tukiwa wakubwa zaidi ya hapo, na twakumbuka usiku wa kwanza ulivyokuwa. Tena watoto wa landi hii watakua bila kumjua mwenzao. Leo humsukuma kiti chake wakicheza reli, yeye akiwa dereva. Wakitengana miaka minane, watakaporudi kuonana watamwita kilema.

Basi tuzitazame hizo ngazi mbili, kwa kuwa hapa mimi nasema jambo ninalolijua. Nimezipima. Kila moja ina sentimita 15, jumla 30. Kwa kiti cha magurudumu, kila sentimita moja ya kupanda yataka sentimita 12 za kwenda mbele, ndipo mtoto aweze kusukumwa na mtoto mwenzake bila kuanguka nyuma. Kwa hiyo twataka mteremko wa mita tatu na sentimita 60, upana mita moja na kidogo, na ukingo mdogo kila upande ili gurudumu lisitoke. Nje ya mlango ule pana uwanja mtupu wa kutosha. Kazi yenyewe ni mawe ya kujazia, kokoto, mchanga na mifuko michache ya saruji, na watu wanne wa gengi wataimaliza kwa siku mbili za mapumziko. Hapana hata mmoja wetu asiyejua kupanda kwa mwendo wa taratibu ni nini. Waliojenga njia hii kutoka Mombasa, walioanza mwaka 1896, walipofika ukingo wa Bonde la Ufa waliteremsha mabehewa kwa kamba kwa muda, hata njia ya kudumu ilipokwisha kuzungushwa polepole ubavuni mwa mlima. Kisha wakapanda Mau, zaidi ya futi 8,000, wakatelemka mpaka Kisumu mwaka 1901. Watu wa reli wakishindwa na sentimita 30 itakuwa aibu.

Choo nacho si mlima. Mlango upanuliwe uwe sentimita 90 na ufunguke kwa nje, maana ukifunguka kwa ndani kiti hakina pa kugeukia. Ukutani kifungwe kipande cha bomba la chuma cha kushika. Juu ya tundu kiwekwe kiti cha mbao chenye shimo, ambacho seremala yeyote atakitengeneza kwa saa moja, na chaweza kuondolewa watoto wengine wakiingia. Nasema habari ya choo bila haya kwa sababu ndiyo inayowatoa watoto shuleni kuliko ngazi. Mtoto asiyeweza kwenda choo huacha kunywa maji asubuhi. Baadaye huugua, halafu huacha shule, na katika daftari huandikwa kwamba ni mtoro.

Yako mengine yasiyotaka hata senti moja. Kama chumba cha Gredi ya Kwanza ndicho chenye ngazi, na kile cha Gredi ya Nne kiko sawa na ardhi, vyumba vibadilishwe. Meza yake ikatwe ubao wa chini ili magoti yapite. Penseli izungushwe kipande cha mpira wa baiskeli iwe nene, mkono mzito uweze kuishika. Aulizwe swali akapewe muda wa kujibu, na asihesabiwe mjinga kwa kuwa wenzake wamekwisha kuinua mikono. Akifika mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wa namna hii, lakini shule ndiyo inayoomba, tena mapema, na huwezi kuombewa na shule ambayo haikukuandika.

Sasa nimtetee kidogo mwalimu mkuu, kwa sababu si mtu mbaya. Ana watoto tele na walimu wachache. Anaogopa kwamba mtoto akianguka, yeye ndiye atakayeulizwa. Hofu hiyo ni ya haki, na sisi twaijua, maana katika kazi yetu pia ajali ikitokea hutafutwa mtu mdogo. Lakini dawa yake twaijua vile vile. Dereva hatoki steshini kwa neno la mdomo. Anataka karatasi yenye sahihi, ili kila mtu ajue ni nani aliyempa njia. Na hapa pia mambo yaandikwe: nani atamsukuma kutoka langoni, nani atamsaidia choo, mama ataitwa kwa jambo gani na asiitwe kwa lipi. Mwalimu akiwa na karatasi hiyo, iliyokubaliwa na halmashauri ya shule, hofu yake itapungua. Mpaka leo yote yamesemwa kwa mdomo tu, ya baba na ya mwalimu pia, na kwa hiyo hapana mtu aliyekataa wala aliyekubali.

Njia ninayoiona mimi ni hii. Mtoto apelekwe kwanza kituo cha serikali cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Watu wa pale humpima mtoto, kisha huandika anaweza nini na anahitaji nini. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko kilio cha mzazi. Aandikishwe pia katika Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo huweza kusaidia kupata vyombo kama viti vya magurudumu. Kisha baba aandike barua kwa mwalimu mkuu, ataje kila kitu kwa vipimo, mteremko, mlango, meza, muda, na aombe jibu la maandishi kwa tarehe fulani. Nakala iende kwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Siku ya kuipeleka asiende peke yake. Aende na katibu wa tawi, naye katibu asiende kutisha mtu, akae tu kitini na kalamu yake, kama anavyokaa ofisini kwetu mwanachama anapoitwa kwa kosa. Kama jibu ni hapana, litakuwa hapana yenye sahihi, na yaweza kupelekwa kwa mkuu wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya kaunti, na sheria ya mwaka 2013 imeweka hata baraza la rufani juu ya mambo ya elimu. Sidhani tutafika huko. Mara nyingi barua ya pili hufanya yale ambayo ya kwanza haikufanya.

Wale tuliosoma misheni twaikumbuka habari ya yule mwenye kupooza aliyeletwa na watu wanne, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda wakatoboa paa. Sikumbuki kuambiwa kwamba mama yake ndiye aliyepanda. Walikuwa wanne, wakishika kila mmoja pembe yake, na kazi hiyo ndiyo ninayoiomba kwa chama.

Liko jambo jingine, na hili ndilo la chama hasa, hata yule ndugu aliyesema mkutanoni hawezi kulikataa. Baba huyu ametumia karibu likizo yake yote ya mwaka kwa safari za hospitali na za shule. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka pamoja na mshahara, na likizo ni ya mtu kupumzika. Mwezi wa saba alipoomba nusu siku kumpeleka mtoto kliniki aliandikwa kwamba hakuja kazini. Hili si la Mungu wake, ni la msimamizi wake. Katika mapatano yatakayoandikwa safari ijayo nataka kiwekwe kifungu kwamba mwanachama mwenye mtoto mwenye ulemavu apewe saa za kwenda kliniki na kituo cha kupimia bila kukatwa, akileta karatasi.

Na uhamisho. Watu wa reli huhamishwa. Leo uko Nakuru, mwezi ujao uko Voi. Mtoto mzima akihamishwa hulia siku mbili akapata marafiki wapya. Huyu akihamishwa hupoteza mteremko, choo, meza, mwalimu aliyemzoea na rafiki anayemsukuma, na baba huanza tena mlangoni kwa mwalimu mwingine. Kwa hiyo kiwekwe kifungu cha pili: mwanachama wa namna hii asihamishwe katikati ya mwaka wa shule, na akihamishwa aambiwe muhula mzima mbele. Mabwana wakubwa hawatapoteza kitu. Hesabu ya watu ni ile ile, na tarehe tu ndiyo inayobadilika.

Nimeulizwa kama watoto wa namna hii ni wengi kati yetu hata tujisumbue kuandika vifungu. Sijui idadi, wala katibu hajui, kwa sababu hatujapata kuuliza. Baada ya mkutano ule watu wawili walinijia pembeni, mmoja baada ya mwingine, wakaniambia habari za watoto wao walio nyumbani. Nimefanya kazi nao miaka, na sikujua. Mmoja wao alikuwa amepiga makofi.

Basi namwomba katibu aliweke shauri hili la kwanza katika orodha ya mkutano ujao, si la mwisho wakati watu wanatazama saa. Naomba tupige kura juu ya mambo mawili: katibu afuatane na mwenzetu kupeleka barua kabla shule hazijafungwa, na vifungu vile viwili viingizwe katika madai yetu. Juu ya mteremko hatuhitaji kura. Watu watatu wa gengi wamekwisha kuandika majina yao, nami wa nne, na mchanga ninao. Kinachokosekana ni saruji na ruhusa ya halmashauri ya shule. Mwenye mfuko uliobaki kwake aniletee kibandani, karibu na tangi la maji, siku yoyote baada ya saa kumi na moja.

Mwanachama, gengi ya njia